Punguzo la Wakala na Bei ya Mkono wa Pili: Ushindani wa Mustang, Camaro na Challenger katika Soko la Marekani, 1964–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mapunguzo ya bei yanayopitia kwa mawakala wa magari nchini Marekani yalivyoathiri mauzo ya magari ya spoti yanayoshindana, pamoja na bei ya magari hayo yanapouzwa kwa mara ya pili. Mifano imetolewa katika historia ya Ford Mustang, Chevrolet Camaro na Dodge Challenger, na kwa kiasi kidogo Pontiac GTO. Insha inatetea hoja kwamba idadi ya magari yaliyouzwa, ambayo ndiyo hutumiwa kumtangaza mshindi, ni ushahidi dhaifu wa kihistoria isiposomwa sambamba na bei iliyolipwa; na kwamba sehemu ya gharama ya punguzo huangukia mtu asiyekuwepo dukani siku lilipotolewa, yaani mnunuzi wa jana.

Utangulizi

Tarehe 17 Aprili 1964 kampuni ya Ford iliizindua Mustang katika Maonyesho ya Dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Katika miezi 12 ya mwanzo yaliuzwa zaidi ya magari 400,000, na kufikia Machi 1966 Mustang ya milioni 1 ilikuwa imekwisha kutoka kiwandani. General Motors ilichelewa. Jibu lake, Chevrolet Camaro, lilitokea Septemba 1966 kwa bei ya kuanzia dola 2,466. Dodge Challenger ilifuata kwa mwaka wa modeli wa 1970. Tangu hapo magari haya yamekuwa yakihesabiwa mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka, mithili ya timu za soka zinazopigania ubingwa, na kila upande umekuwa na miaka yake ya kujitapa.

Ni vema kueleza mapema kwamba wapenzi wengine wa magari hukataa kuyaita haya "magari ya spoti" kwa maana kamili. Wamarekani wenyewe huyaweka katika kundi la pekee lililopewa jina kutokana na farasi wadogo wa mbugani, kwa heshima ya Mustang iliyolianzisha. Katika insha hii istilahi ya gari la spoti inatumika kwa upana wake wa kawaida: gari la milango miwili, lenye nguvu kupita mahitaji ya barabara, ambalo mtu hulinunua kwa sababu analitaka kuliko kwa sababu analihitaji.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo msingi wa mjadala wote. Mtu mwenye watoto watatu akikosa gari la familia la kampuni moja atanunua la kampuni nyingine wiki hiyo hiyo, kwa kuwa shule haisubiri. Mnunuzi wa gari la spoti anaweza kungoja. Anaweza kungoja mwaka mzima akitazama bei, na anajua kwamba wakala naye anamtazama. Ndiyo maana punguzo katika soko hili lina nguvu kubwa, na madhara yake nayo ni makubwa.

Nani hutoa punguzo?

Nchini Marekani kiwanda hakimuuzii mnunuzi gari moja kwa moja, isipokuwa kwa kampuni chache za zama hizi zilizokwepa mfumo wa zamani. Kiwanda humuuzia wakala, ambaye ni mfanyabiashara huru mwenye mkataba, na wakala ndiye humuuzia mnunuzi. Uhuru huo unalindwa na sheria za majimbo na, tangu 1956, na sheria ya shirikisho iliyompa wakala haki ya kuishtaki kampuni inayomtendea kwa hila. Kwa hiyo bei inayoandikwa na kiwanda ni bei elekezi tu. Wakala anaweza kushuka chini yake akibanwa, au kupanda juu yake akiona foleni mlangoni.

Hata hiyo bei elekezi haikuwa wazi daima. Katika miaka ya 1950 ilikuwa desturi ya mawakala wengi kupandisha bei kimyakimya, kisha kumpa mnunuzi "punguzo" la kile walichokipandisha wenyewe, au kulithamini gari lake la zamani kwa bei ya kuvutia huku wakiirudisha tofauti hiyo ndani ya bei ya gari jipya. Seneta Mike Monroney wa Oklahoma aliongoza uchunguzi uliozaa sheria ya 1958, inayolazimisha kila gari jipya kubandikwa dirishani karatasi yenye bei elekezi. Kwa mwanahistoria karatasi hii ni hatua muhimu. Kabla yake neno "punguzo" halikuwa na maana ya kupimika, kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuanzia. Baada yake kila dola iliyopungua ilionekana.

Wakala hulipia magari yaliyoko uwanjani kwake kwa mkopo, na riba ya mkopo huo hukua kila siku ambayo gari halijauzwa. Gari la spoti lililopakwa rangi isiyopendwa, likavuka majira ya baridi chini ya theluji, si mali tena bali ni deni lenye magurudumu. Hapo wakala huanza kula faida yake mwenyewe. Ikiwa hali ni mbaya katika nchi nzima, kiwanda huingilia kwa njia mbili: ama kumrudishia mnunuzi fedha taslimu, ama kumpa wakala fedha ambazo mnunuzi hazioni.

Njia ya kwanza ilienea baada ya Januari 1975, wakati Chrysler, ikiwa imelemewa na magari yasiyouzika kufuatia msukosuko wa mafuta, ilipotangaza kuwarudishia wanunuzi sehemu ya fedha zao. Ford na General Motors walifuata upesi. Tangu hapo mnunuzi wa Marekani amejifunza kungojea marejesho kama mkulima angojeavyo mvua. Njia ya pili ni ya siri zaidi. Utafiti wa Meghan Busse, Jorge Silva-Risso na Florian Zettelmeyer, uliochapishwa 2006, ulilinganisha njia hizo mbili na kuonyesha kwamba fedha zinapotangazwa kwa mnunuzi, asilimia 70 hadi 90 humfikia. Zinapopitia kwa wakala kimyakimya, humfikia asilimia 30 hadi 40 tu. Kwa maneno mengine, dola moja ileile ya kiwanda huwa na thamani tofauti kutegemea nani ameisikia.

Watafiti Busse na Zettelmeyer, pamoja na Duncan Simester, walilichambua pia tukio la kiangazi cha 2005, General Motors ilipowatangazia wateja wote kwamba watalipa bei ya wafanyakazi wake. Mauzo ya Juni mwaka huo yalipanda kwa asilimia 41 kulinganisha na Juni iliyotangulia. La kushangaza ni kwamba, kwa modeli nyingi, wanunuzi walilipa zaidi ya waliyokuwa wakilipa muda mfupi kabla ya tangazo, kwa sababu marejesho ya awali yalikuwa tayari makubwa. Kilichowavuta kilikuwa imani kwamba bei ile ndiyo nzuri na hakuna haja ya kungoja. Tangazo lilifanya kazi ambayo bei yenyewe haikuifanya.

Katika kiangazi hicho General Motors haikuwa na Camaro ya kuuza. Ilikuwa imetangaza mwisho wake mnamo Septemba 2001, mwezi uleule ilipoanzisha mikopo isiyo na riba ili kulinyanyua soko baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Camaro zilizotengenezwa kwa mwaka wa modeli wa 2001 zilikuwa 29,009 tu, ilhali Mustang ilikuwa bado ikiuza zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Kiwanda cha Sainte-Thérèse, Quebec, kilifungwa 2002. Mikopo isiyo na riba inaweza kumfanya mtu anunue gari analolitaka mwezi huu badala ya mwezi ujao; haiwezi kumfanya alitake gari ambalo amekwisha kulichoka.

Magari yaliyokataliwa: ZL1 na GTO

Hapa tutazame visa viwili ambavyo General Motors ingependa visahaulike, ingawa kimojawapo leo kinasimuliwa kwa fahari.

Fred Gibb alikuwa wakala wa Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, Illinois, na mpenzi wa mashindano ya mbio fupi. Mwaka 1968 aliagiza Camaro 50 za modeli ya 1969 zenye injini ya pekee ya aluminiamu iliyojulikana kama ZL1, kwa kuwa kanuni za mashindano zilidai idadi hiyo ili gari litambuliwe. Alitarajia bei ya takribani dola 4,900. Ankara ilipofika, injini peke yake iligharimu dola 4,160, na gari zima zaidi ya dola 7,200, yaani zaidi ya mara 2 na nusu ya Camaro ya kawaida yenye injini ya silinda 8. Mji wa La Harpe haukuwa na watu 50 wa kununua magari hayo, wala haukuwa na watu 15. Gibb aliiomba kampuni iyachukue, na mengi yake yakarudishwa na kusambazwa kwa mawakala wengine. Jumla yalitengenezwa 69. Baadhi yalikaa viwanjani hadi miaka ya 1970, na mengine yalivuliwa injini ile ya thamani na kuwekewa ya kawaida ili yauzike.

Mtu akiyatafuta magari hayo leo, atayakuta minadani kwa mamia ya maelfu ya dola. Kisa hiki hutumiwa mara kwa mara kudai kwamba punguzo halina athari yoyote kwa bei ya baadaye. Dai hilo halisimami. Mnunuzi wa kwanza aliyelipa bei kamili mwaka 1969 hakufaidika na mnada wa miaka 40 baadaye. Alilazimika kuuza katika miaka ya 1970, wakati bima na bei ya mafuta zilikuwa zimelifanya gari la aina hiyo kuwa mzigo. Aliyefaidika ni mtu wa tatu au wa nne. Historia ya bei ya mkono wa pili ina vipindi viwili vyenye kanuni tofauti: kipindi cha miaka 10 hivi ya mwanzo, ambapo bei ya gari jipya ndiyo inayotawala, na kipindi cha baadaye sana, ambapo uhaba ndio unaotawala. Wengi wa wamiliki huishi na kuuza katika kipindi cha kwanza.

Kisa cha pili ni cha Pontiac GTO ya 2004. Ikiwa haina Camaro, General Motors iliingiza gari la Holden Monaro kutoka Australia, ikalipa jina la kale la GTO na kulipangia bei ya takribani dola 32,000. Lengo lilikuwa kuuza 18,000 kwa mwaka. Mawakala wengi, wakikumbuka sifa ya jina hilo katika miaka ya 1960, walidai nyongeza juu ya bei elekezi. Wanunuzi wakaondoka. Katika mwaka huo wa modeli yalitoka magari 15,740, na mengi yalibaki viwanjani mpaka yakahitaji marejesho makubwa ili kuipisha modeli ya 2005 yenye injini ya nguvu za farasi 400 badala ya 350. Wakati huohuo Mustang mpya ya 2005 ilikuja na toleo la GT la silinda 8 kwa takribani dola 25,000. Mustang zaidi ya 160,000 ziliuzwa mwaka huo. GTO ilikoma 2006, baada ya jumla ya magari 40,808.

Kwa maoni yangu kosa la mawakala wa Pontiac halikuwa punguzo la mwisho bali nyongeza ya mwanzo. Waliyemtoza zaidi alikuwa shabiki wa kwanza, aliyekimbilia dukani kwa mapenzi, na miezi michache baadaye alimwona jirani akinunua gari lilelile kwa bei ya chini mno. Shabiki huyo ndiye angekuwa shahidi wao mbele ya wengine. Walimgeuza kuwa shahidi wa mashtaka.

Miaka ya Camaro na miaka ya Mustang

Camaro ilirudi katika majira ya kuchipua ya 2009, ikitengenezwa Oshawa, Ontario, wiki chache kabla ya General Motors kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake tarehe 1 Juni. Wengi walidhani gari la spoti halingepata wanunuzi katika mdororo ule. Walipata. Mwaka 2010 ziliuzwa Camaro 81,299 dhidi ya Mustang 73,716, na Camaro ikaendelea kuongoza kila mwaka hadi 2014. Ukijumlisha miaka hiyo 5, Camaro iliuza 420,803 na Mustang 386,970.

Kisha Mustang ya kizazi cha 6 ikaingia sokoni. Mwaka 2015 Mustang iliuza 122,349, Camaro 77,502. Tofauti ya mwaka huo mmoja, magari 44,847, ilizidi uongozi wote ambao Camaro ilikuwa imeukusanya kwa miaka 5, ambao ulikuwa magari 33,833. Mwanahistoria anayetaka kueleza jambo hili kwa mapunguzo pekee atakwama. Camaro ya 2010 na Mustang ya 2015 zilishinda kwa sababu zilikuwa mpya, na gari jipya la spoti huuzwa karibu na bei elekezi au juu yake. Punguzo ni kipimajoto: huonyesha homa, halikuianzisha.

Hata hivyo kipimajoto kinaweza kugeuka dawa, na dawa ikageuka mazoea. Camaro ya kizazi cha 6 ilihamia Lansing, Michigan, kwa mwaka wa modeli wa 2016. Lilikuwa gari jepesi zaidi, na waandishi wa magari walilisifu kwa jinsi lilivyoshika kona. Lakini lilianza kwa dola 26,695 pamoja na usafirishaji, wakati Mustang ya msingi ya 2015 ilikuwa chini ya dola 25,000, na madirisha yake yalikuwa finyu kiasi kwamba dereva aliona barabara kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ukuta. Magari yakarundikana. Katika vuli ya 2016 Chevrolet ilitoa mapunguzo mazito, na kwa Septemba na Oktoba Camaro ikaipita Mustang. Mashabiki walishangilia. Mwaka ulipokwisha Mustang ilikuwa na 105,932 na Camaro 72,705. Camaro ilishuka zaidi hadi 50,963 mwaka 2018, na kwa mara ya kwanza ikaachwa mbali na Challenger, lililokuwa gari zito lenye msingi wa tangu 2008, kwa 66,716.

Miezi ile miwili ya 2016 ndiyo mfano bora wa tatizo la ushahidi lililotajwa mwanzoni. Jedwali la mauzo linasema Camaro ilishinda. Halisemi ilishinda kwa bei gani. Wala halisemi ni wanunuzi wangapi wa Novemba na Desemba walivutwa nyuma kuja Septemba, wakaacha pengo. Gari la spoti halina wanunuzi wasio na kikomo; punguzo mara nyingi hubadilisha tarehe ya ununuzi, si idadi ya wanunuzi.

Upo pia upande ambao takwimu za Marekani peke yake haziuonyeshi. Mustang ya kizazi cha 6 ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, hivyo iliweza kuuzwa rasmi Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Camaro haikupata usukani wa kulia kutoka kiwandani. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaelewa bila kuelezwa maana ya jambo hilo. Ford ilipozalisha kupita mahitaji ya nyumbani, ilikuwa na mahali pengine pa kupeleka magari kwa bei kamili. Chevrolet ilitegemea kwa sehemu kubwa uwanja wa wakala wa nyumbani, na uwanja ukijaa, dawa ilikuwa moja.

Mnunuzi wa jana

Ili kueleza namna punguzo linavyosafiri hadi kwenye gari lililotumika, tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ananunua gari la spoti kwa dola 40,000, bei elekezi. Baada ya mwaka mmoja gari lake lingeweza kuuzwa kwa dola 32,000, na mkopo wake umebakia dola 31,000. Sasa kiwanda kinatoa punguzo la dola 6,000 kwa gari jipya la aina hiyo. Jipya ni dola 34,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipa 32,000 kwa gari la mwaka mmoja wakati jipya, lenye dhamana kamili, linapatikana kwa 2,000 zaidi. Bei ya lile la zamani lazima ishuke, tuseme hadi 28,000. Mmiliki hajafanya lolote, hajaligonga gari wala kuliendesha kupita kiasi, lakini sasa anadaiwa zaidi ya thamani ya mali yake.

Matokeo ya kwanza ni hasara yake binafsi. Matokeo ya pili yanamrudia muuzaji. Mmiliki wa gari la spoti ndiye mteja wa kwanza wa modeli inayofuata. Kwa kawaida hulileta gari lake kwa wakala, likathaminiwa, naye akaongeza fedha juu yake. Mtu anayedaiwa dola 3,000 zaidi ya thamani ya gari lake hawezi kufanya hivyo bila kuihamishia hasara hiyo katika mkopo mpya. Wengi hukaa nalo. Kwa hiyo punguzo la leo humwondoa sokoni mnunuzi wa kesho, na mauzo yakipungua, uwanja hujaa tena, na punguzo kubwa zaidi huhitajika.

Matokeo ya tatu hayaonekani kwa urahisi: punguzo la mshindani mmoja humdhuru pia mteja wa mwingine. Camaro na Mustang hulinganishwa na kila mnunuzi. Camaro mpya ikishuka, Mustang ya mwaka mmoja nayo hupoteza baadhi ya watu ambao wangeinunua. Mmiliki wa Mustang analipia vita ambavyo kampuni yake haikuvianzisha, na Ford nayo hujikuta ikisukumwa kupunguza ili isipoteze wateja wake. Hapo hatua ambayo kila kampuni inaiona kuwa ya busara kwake hugeuka hasara kwa zote mbili.

Wengi wasiomiliki gari bali kulipangisha kwa miaka 2 au 3 hawakwepi jambo hili. Katika mkataba wa upangishaji, kampuni ya fedha hukadiria mapema thamani ambayo gari litabaki nayo mwishoni, na mpangaji hulipia tofauti pamoja na riba. Kadirio likiwa la juu, malipo ya mwezi huwa madogo. Mapunguzo yakizoeleka, makadirio hushushwa, na malipo ya mwezi kwa gari lilelile hupanda. Hivyo kampuni iliyopunguza bei kwa wanunuzi hujikuta imeipandisha kwa wapangaji, kisha italazimika kutoa fedha nyingine kufidia hilo. Mauzo kwa kampuni za kukodisha magari kwa watalii yana athari ya jinsi hiyo. Mwaka 1966 Hertz ilinunua takribani Shelby Mustang 1,000 kwa ajili ya wateja wake, na leo magari hayo yanatafutwa sana na wakusanyaji. Lakini Mustang ya kawaida ya paa la kukunja iliyotoka ufukweni baada ya kuendeshwa mwaka mzima na wageni mbalimbali huingia mnadani pamoja na mamia ya wenzake wiki moja, na huivuta chini bei ya ile ya mwalimu aliyeitunza gereji.

Wapo wachumi watakaojibu kwamba mnunuzi wa gari lililotumika anafaidika, na kwamba kile ambacho mmoja anakipoteza mwingine anakipata. Ni kweli, na haipasi kupuuzwa: vijana wengi waliopata gari lao la kwanza la silinda 8 walilipata kwa sababu mtu mwingine alipata hasara. Ila hoja hiyo haigusi suala la uaminifu. George Akerlof alionyesha mwaka 1970 kwamba soko la magari yaliyotumika hutegemea kile muuzaji anachokijua na mnunuzi asichokijua. Katika soko la magari mapya hali ni kama hiyo, lakini kinachofichwa ni bei ya kesho. Kiwanda kinaijua akiba yake na kinajua kama punguzo linakuja. Anayenunua leo hajui.

Uhaba uliopangwa

Dodge ilichukua njia mbili kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa 2019 ilitangaza punguzo la dola 10 kwa kila nguvu moja ya farasi, kiasi kwamba Challenger yenye nguvu 797 ilipungua dola 7,970. Lilikuwa tangazo la werevu, kwa kuwa liliufanya udhaifu wa mauzo uonekane kama sherehe ya nguvu. Kabla ya hapo, kwa Challenger Demon ya 2018, ilifanya kinyume. Ilitengeneza magari 3,300 tu, 3,000 yakiwa ya Marekani na 300 ya Kanada, na ikawapa kipaumbele cha uzalishaji mawakala waliokubali kuuza kwa bei elekezi au chini yake. Kampuni ilikuwa imejifunza kwamba nyongeza ya wakala huliharibu jina kama lifanyavyo punguzo.

Majanga ya 2020 hadi 2022 yalifanya kile ambacho hakuna kampuni ingethubutu. Uhaba wa vipuri vya kielektroniki ulisimamisha viwanda, ikiwemo Lansing. Camaro zilizouzwa 2021 zilikuwa 21,893. Mapunguzo yalitoweka. Faharasa ya serikali ya Marekani ilionyesha kwamba kufikia Juni 2021 bei ya magari yaliyotumika ilikuwa imepanda kwa asilimia 45.2 katika miezi 12. Wamiliki waliokuwa wakidaiwa zaidi ya thamani ya magari yao walijikuta wametoka shimoni bila kupanda ngazi. Hapo ndipo ilipodhihirika jinsi bei ya mkono wa pili ilivyokuwa imefungwa kwenye wingi wa magari mapya uwanjani. Gari lilikuwa lilelile, limezeeka mwaka mmoja zaidi, na bei ikapanda.

Machi 2023 Chevrolet ilitangaza kwamba Camaro ingekoma tena. Mauzo ya mwaka huo yalipanda hadi 31,028 kutoka 24,652, na gari la mwisho lilitengenezwa Desemba 2023. Dodge nayo iliuaga umma kwa matoleo maalumu ya kuhitimisha, likiwemo Demon 170, na Challenger ya mwisho ilitoka Brampton, Ontario, tarehe 22 Desemba 2023. Wanunuzi waliambiwa kwamba haya ndiyo magari ya mwisho ya aina yake, na baadhi walilipa kulingana na imani hiyo. Katika mwaka 2024, kiwanda kikiwa kimenyamaza, mawakala wa Dodge waliuza Challenger zaidi ya 20,000 zilizokuwa bado viwanjani mwao.